Chuma kilekile, vibebeo vinne: shajara ya mradi wa nanotubu za kaboni

Swali la mradi

Maelekezo mengi ya kukuza nanotubu za kaboni, yaani neli za kaboni zenye upana wa nanomita chache, huanza na chuma: chumvi ipi, kiasi gani, chembe za ukubwa gani. Kibebeo, yaani unga au tabaka ambalo chuma hicho kinakalia, hutajwa kwa neno moja, kisha maelezo yanakimbilia joto na gesi. Mradi huu umegeuza mpangilio huo. Chuma ni kilekile, gesi ni ileile, tanuri ni lilelile. Kinachobadilishwa ni kibebeo peke yake: alumina ya gama (aina ya oksidi ya alumini), silika laini ya moshi (oksidi ya silikoni), oksidi ya magnesi na kabonati ya kalisi. Baada ya hapo vinakuja vipande vya silikoni vilivyopakwa tabaka jembamba, kwa kuwa mengi yanayosemwa kuhusu vibebeo yalipatikana huko, na si yote yanayohamishika kwenye unga.

Nanotubu hukua pale gesi yenye kaboni inapovunjika juu ya chembe ya chuma yenye upana wa nanomita chache, kaboni ikasambaa kwenye chembe hiyo na kutoka upande mwingine ikiwa ukuta wa neli. Upana wa neli hufuata upana wa chembe. Lakini kwenye nyuzi 750 za selsiasi chembe ndogo hazitulii: atomi huchomoka kwenye chembe ndogo na kuhamia kwenye kubwa, na chembe zinazogusana huungana. Kwa hiyo kila kibebeo tunakiuliza jambo moja: kinaweza kuzuia chembe zisiungane kwa muda gani, bila kuzishika mno hata zishindwe kugeuka kutoka oksidi kuwa chuma halisi? Kushika kidogo mno na kushika kupita kiasi yote mawili huua ukuaji, kila moja kwa njia yake.

Kupanga kiasi cha chuma: kwa eneo, kisha kwa uzito

Ulinganisho mwingi wa vibebeo huharibika kabla tanuri halijawashwa, kwa sababu watu huweka asilimia 5 ya chuma kwa kila unga na kudhani wametenda haki. Alumina yetu ina eneo la karibu mita za mraba 200 kwa gramu. Oksidi ya magnesi ina 50, na kabonati ya kalisi ina 5 tu. Asilimia ileile ya chuma inakaa imetawanyika kwenye alumina, na kwenye kabonati inarundikana tabaka juu ya tabaka. Ukiona neli nene kwenye kabonati, hujui kama umeona tabia ya kibebeo au umeona chuma kilichojazana.

Tumeandaa safu mbili. Safu A ina miligramu 0.25 za chuma kwa kila mita ya mraba ya kibebeo, sawa na atomi 2.7 hivi za chuma kwa kila nanomita ya mraba. Kwa gramu moja ya kibebeo hiyo ni miligramu 50 kwa alumina, 50 kwa silika (nayo ina mita 200), 12.5 kwa oksidi ya magnesi na 1.25 kwa kabonati. Safu B ina miligramu 50 kwa gramu kwa vibebeo vyote, jinsi watu wengi wanavyofanya. Katika safu B kabonati hubeba miligramu 10 kwa mita ya mraba, mara 40 ya alumina. Tofauti kati ya safu hizi mbili ndiyo inayotuambia kipi ni kibebeo na kipi ni msongamano.

Chumvi ni nitrati ya chuma yenye molekuli tisa za maji, Fe(NO₃)₃·9H₂O. Gramu 1 ya chuma inahitaji gramu 7.23 za chumvi hii. Kwa gramu 5 za alumina, safu A inahitaji gramu 1.81; kwa gramu 5 za oksidi ya magnesi, gramu 0.452, kwa gramu 5 za kabonati, gramu 0.045, kiasi ambacho ni bora kukipima kutoka kwenye mmumunyo uliotayarishwa kuliko kukipima kikiwa kikavu, maana chumvi hii hufyonza unyevu hewani na uzito wake hubadilika ukiitazama. Kloridi ya chuma tumeiacha kabisa. Huvukiza karibu na nyuzi 315, huhamisha chuma kutoka chembe hadi chembe, na mabaki ya klorini huchanganya kila tafsiri inayofuata.

Kuandaa unga

Alumina ndiyo rahisi. Kwanza tunapima ni maji kiasi gani unga unameza kabla ya kung'aa kwa unyevu: dondosha maji kidogo kidogo kwenye gramu 1 huku ukikoroga, ukome unapoanza kugandamana. Kwa alumina ya aina hii ni karibu mililita 0.5 kwa gramu. Gramu 1.81 za chumvi zinayeyushwa kwenye maji ya kutosha kufikia mililita 2.5, kisha mmumunyo unadondoshwa wote kwenye gramu 5 huku unga ukigeuzwa bila kukoma. Silika ya moshi ni nyepesi na humeza maji mengi zaidi, hivyo kipimo hicho hufanywa upya. Kukopa namba ya alumina huacha nusu ya unga ukiwa mkavu, bila chuma chochote.

Kukausha kunahitaji subira kuliko kuloweka. Nitrati ya chuma huyeyuka ndani ya maji yake yenyewe karibu na nyuzi 47, kwa hiyo unga ukiachwa umetulia kwenye oveni, chumvi hutambaa na kujikusanya kwenye uso wa juu. Dalili ni ukoko wa rangi ya kutu juu na unga mweupe chini. Tunakausha kwanza kwenye nyuzi 60 huku tukikoroga mpaka unga uwe mkavu kwa mguso, kisha nyuzi 120 usiku kucha. Baadaye unachomwa hewani kwenye nyuzi 450 kwa saa 4, joto likipanda nyuzi 2 kwa dakika. Gesi za kahawia za oksidi za nitrojeni hutoka hapa, kwa hiyo tanuri la kuchomea liko ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Oksidi ya magnesi haivumilii maji. Ikiloweshwa hugeuka hidroksidi, na mmumunyo wa chuma, ambao ni asidi, ukigusa unga wenye alkali kiasi hicho, chuma hugandia nje ya punje kabla hakijaingia ndani. Tumetumia ethanoli badala ya maji, tukidondosha polepole. Tahadhari: nitrati na ethanoli zikipashwa moto pamoja zinaweza kuwaka ghafla. Ethanoli yote iondoke kwenye nyuzi 60 ndani ya kabati la kufyonza hewa kabla unga haujaingia kwenye oveni ya nyuzi 120, na uchomaji ufanywe kwa mafungu madogo. Unga uliokwisha kuchomwa unahifadhiwa kwenye desiketa, chombo kisichoingiza unyevu, kwa sababu oksidi hii hufyonza unyevu na kabonidioksidi hata ikiwa rafuni. Hidroksidi ya magnesi hupoteza asilimia 31 ya uzito inapopashwa moto, na hasara hiyo ikijificha kwenye kichocheo, yaani kibebeo pamoja na chuma chake, hesabu ya mavuno inakuwa uongo.

Kabonati ya kalisi huchemka kwa viputo inapokutana na mmumunyo wa asidi. Kila kiputo ni kibebeo kinachoyeyuka na kuwa nitrati ya kalisi. Suluhisho ni kudondosha amonia iliyozimuliwa pamoja na mmumunyo wa chuma, kipimo cha pH kikikaa karibu na 7. Chuma hugandia juu ya punje kama hidroksidi na kabonati hubaki salama. Unga huu tunaukausha tu kwenye nyuzi 120, kisha unasagwa kwa mkono kwenye kinu cha maabara.

Tanuri na mpangilio wa gesi

Bomba la kwatzi lina kipenyo cha ndani cha milimita 45 na urefu wa mita 1, ujazo wa lita 1.6. Kabla ya jaribio lolote tulisogeza themokapo (kipima joto cha nyaya) ya pili ndani ya bomba, sentimita 2 kwa hatua, arigoni, gesi isiyoungana na vitu vingine, ikipita kwa kasi ileile ya majaribio. Joto linaloonyeshwa na tanuri ni la ukuta wa nje. Eneo ambalo joto la ndani halitofautiani kwa zaidi ya nyuzi chache ni fupi kuliko linavyodhaniwa, na gesi baridi inayoingia hulisukuma kuelekea upande wa kutokea. Kisahani hukaa hapo kila mara, alama ikiwa kwenye fimbo ya kusukumia.

Miligramu 100 za kichocheo zinatandazwa nyembamba kwenye kisahani cha kwatzi. Ukirundika, tabaka la juu hula kaboni yote na la chini hubaki na njaa, na kichocheo kizuri kinapofura kinaweza kufunika kisahani au kuziba njia ya gesi. Mpangilio ni huu: arigoni mililita 500 kwa dakika kwa dakika 20, yaani zaidi ya mara sita ya ujazo wa bomba, joto linapanda nyuzi 10 kwa dakika hadi 750, hidrojeni mililita 100 kwa dakika inaongezwa kwa dakika 10, kisha ethilini mililita 100 kwa dakika kwa dakika 30. Mwishoni ethilini na hidrojeni zinafungwa, arigoni inaendelea mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 100. Kufungua mapema ni hatari: chuma kilichopunguzwa, yaani kilichoondolewa oksijeni na hidrojeni, kikiwa laini hivyo huwaka chenyewe kikikutana na hewa, na kikiwaka huchoma nanotubu pia.

Hidrojeni huanza kulipuka ikifika asilimia 4 hewani, ethilini 2.7, kwa hiyo viungo vyote hupimwa kwa uvujaji kabla ya gesi hizi kufunguliwa. Gesi ya kutoka hupita kwenye chupa ya mafuta, ikitanguliwa na chupa tupu. Chupa tupu si ya hiari: tanuri linapopoa gesi ya ndani husinyaa, na mtiririko ukiwa mdogo mafuta hunyonywa kurudi kwenye bomba la moto. Asetilini tuliifikiria kwa joto la chini, tukaiacha kwa mradi huu. Huhifadhiwa ikiwa imeyeyushwa kwenye asetoni, na mvuke wa asetoni hutoka nayo kwa kiasi kinachobadilika kadiri mtungi unavyoisha; pia haifai kupitishwa kwenye mabomba ya shaba.

Ukuta wa bomba hukusanya kaboni na kubadilisha majaribio yanayofuata. Kila kibebeo kinapobadilishwa, bomba huchomwa hewani kwenye nyuzi 800 mpaka liwe jeupe, kisha arigoni ipite muda mrefu kuondoa maji na oksijeni. Na vibebeo havifuatani kwa makundi. Ukifanya alumina zote kwanza na silika zote baadaye, mabadiliko ya bomba yataonekana kama tofauti ya vibebeo. Mpangilio umechanganywa.

Vipimo tupu

Kila kichocheo kina vipimo tupu viwili, na tunaviona kuwa na thamani sawa na majaribio yenyewe. Cha kwanza ni kibebeo bila chuma, ndani ya ethilini: kinaonyesha kaboni inayozaliwa na joto au na kibebeo chenyewe. Alumina ya gama ina sehemu zenye asidi juu ya uso wake, na hutoka kijivu hata bila chuma. Hiyo ni kaboni isiyo na umbo, wala haipaswi kuhesabiwa kama nanotubu. Cha pili ni kichocheo kamili bila ethilini: kinaonyesha uzito unaopotea kwa maji, oksijeni na kabonidioksidi.

Mavuno = (uzito baada ya kukuza − uzito baada ya kipimo tupu) ÷ uzito baada ya kipimo tupu. Chukua mfano: miligramu 100 zikishuka hadi 92 kwenye kipimo tupu, na jaribio likitoa miligramu 230, mavuno ni 138 ÷ 92, yaani asilimia 150. Ukitumia 100 kama msingi unapata 130. Kwa kabonati kosa ni kubwa zaidi ya hapo, kama inavyoelezwa chini.

Alumina

Unga unafura, unakuwa mweusi usiong'aa, na mavuno yake ni makubwa kuliko ya wengine wote katika safu A. Chini ya hadubini ya elektroni neli ni nyembamba na upana wake hautofautiani sana. Chembe nyingi za chuma zimebaki chini, zikiwa zimeshikamana na kibebeo: ukuaji wa mzizi.

Sababu iko kwenye mpaka kati ya chuma na alumina. Sehemu ya chuma hubaki imefungwa na oksijeni ya alumina hata baada ya hidrojeni, ikiwa chuma cha hali ya 2+ au 3+, na tabaka hilo dogo hukamata chembe ya chuma iliyo juu yake. Atomi hazitembei ovyo, chembe hazikui. Gharama yake ni kwamba chuma kingi hakifanyi kazi. Uchomaji wa awali ukipita kiasi, au hidrojeni ikiwa na unyevu mwingi, chuma huingia kwenye spineli ya FeAl₂O₄, fuwele ya oksidi ya chuma na alumini, na hakitoki kwa urahisi. Ndiyo maana tumeshikilia nyuzi 450 kwa uchomaji wa awali na dakika 10 kwa hidrojeni. Mtu anayeona alumina yake haitoi kitu aangalie mambo hayo mawili kabla ya kulaumu gesi.

Safu B ya alumina ni sawa na safu A, kwa kuwa namba ni zilezile. Huo ndio msingi wa kulinganishia wengine.

Silika

Mavuno madogo, neli nene na nyembamba zimechanganyika, nyingine zimegawanyika vyumba vyumba kama mianzi, na chembe za chuma zinaonekana kwenye ncha. Chuma hakishikwi vizuri na silika. Hupungua haraka kuwa chuma halisi, hilo ni jema, lakini chembe zake hutembea na kuungana, na zile zilizoshikwa kwa ulegevu huinuliwa na neli zinazokua. Kufupisha dakika za hidrojeni kutoka 10 hadi 3 kunasaidia waziwazi, jambo ambalo linaonyesha kwamba hasara hutokea kabla ethilini haijaingia.

Isidhaniwe kwamba silika haifai. Mchakato wa CoMoCAT, uliobuniwa na kundi la Daniel Resasco katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, hutumia kobalti na molibdeni juu ya silika, na hutoa neli za ukuta mmoja zilizojaa aina ya (6,5), namba zinazotaja jinsi ukuta wa neli ulivyopangika, yenye upana wa nanomita 0.76. Kazi ambayo silika haiwezi kuifanya hufanywa na molibdeni: huishikilia kobalti katika hali ya oksidi mpaka monoksidi ya kaboni ifike, kisha huiachia kwa vichembe vidogo vidogo. Ni kibebeo ndani ya kibebeo.

Oksidi ya magnesi

Hapa kuna somo la kushika kupita kiasi. Katika safu A, kwa ethilini na nyuzi 750, unga unatoka kijivu hafifu na hadubini haioni neli za maana. Chuma kipo, ila kimejificha. Ayoni ya Fe²⁺ inakaribiana kwa ukubwa na Mg²⁺, kwa hiyo huingia kwenye fuwele ya oksidi ya magnesi na kukaa humo kama mwenyeji. Hidrojeni ya nyuzi 750 haitoshi kuitoa.

Tulipopandisha joto hadi 900 na kubadili gesi kuwa methani mililita 200 kwa dakika, picha iligeuka. Chuma hutoka kwenye fuwele taratibu, kwa vichembe vidogo sana, na methani, ambayo haivunjiki ovyo yenyewe kama ethilini, hulisha vichembe hivyo bila kuvizika kwenye masizi. Spektra ya Raman, yaani kipimo cha mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, inaonyesha vilele vya chini kati ya 100 na 300 kwa sentimita, alama ya neli za ukuta mmoja au chache. Ethilini kwenye joto hilo ingefunika kila kitu kwa kaboni ya moshi. Kwa hiyo tunaweka wazi: kusema kwamba oksidi ya magnesi ni kibebeo dhaifu ni kukosea, kinachofaa kulinganishwa ni kibebeo pamoja na gesi yake na joto lake.

Safu B, yenye miligramu 1 kwa mita ya mraba, hukua hata kwenye nyuzi 750, lakini neli ni nene na za kuta nyingi. Chuma kilichozidi nafasi ya ndani ya fuwele kimebaki nje na kuungana. Vichocheo viwili ndani ya unga mmoja.

Kabonati ya kalisi

Kibebeo hiki hakibaki kama kilivyo. Katika arigoni inayotiririka huanza kuachia kabonidioksidi kati ya nyuzi 650 na 700, na kikimaliza kimekuwa oksidi ya kalisi, asilimia 44 ya uzito ikiwa imeondoka. Miligramu 100 zinakuwa 56. Mtu asiyefanya kipimo tupu anaweza kupata mavuno hasi kwenye kichocheo kinachofanya kazi vizuri.

Kabonidioksidi inayotoka si ya kupuuzwa. Juu ya nyuzi 700 hivi, hali huelekea kaboni na kabonidioksidi kugeuka monoksidi ya kaboni, kwa hiyo gesi hiyo husafisha kaboni isiyo na umbo iliyo karibu na chembe. Kwa kipimo kidogo ni msaada: kilele cha D kwenye Raman, alama ya kasoro, kinapungua ukilinganisha na G, alama ya kaboni iliyopangika. Ikitoka yote kwa mkupuo ethilini ikiwa tayari ndani, inakula mavuno na kurusha unga nje ya kisahani. Tumejaribu njia mbili. Kwenye nyuzi 700, kabonati huoza polepole wakati wa ukuaji wenyewe na uso mpya hufunguka muda wote. Kwenye 750, tunangoja sehemu kubwa iondoke kabla ya kufungua ethilini. Ya kwanza inatoa neli safi zaidi. Ya pili hurudiwa kwa urahisi, kwani haitegemei sana kasi ya joto kupanda.

Safu A ya kabonati ilitoa kaboni kidogo mno kupimika kwa uzito, kwa miligramu 1.25 za chuma kwa gramu hilo halishangazi. Thamani yake iko kwenye hadubini tu. Safu B inatoa neli nyingi, za kuta nyingi, na nene kuliko za alumina. Hapa msongamano unachangia zaidi ya kibebeo, na bila safu A tusingekuwa na haki ya kusema hivyo.

Tabaka jembamba kwenye silikoni

Vipande vina silika ya nanomita 300 iliyoota juu ya silikoni. Nusu vimeongezewa alumina ya nanomita 10 iliyopakwa kwa kugonga shabaha kwa ayoni, na vyote vina chuma cha nanomita 1. Juu ya alumina msitu wima wa neli unasimama, unaonekana kwa macho. Juu ya silika tupu kuna nyasi fupi zenye mabaka. Kipande cha silikoni isiyo na silika, kilichowekwa kwa ulinganisho, hakikuota chochote cha maana: chuma na silikoni huungana kuwa silisidi, na chuma kinamezwa. Ni kwa tabaka jembamba la namna hii Kenji Hata na wenzake huko Tsukuba, Japani, walifikia msitu wa milimita 2.5 kwa dakika 10 mwaka 2004, wakiongeza mvuke wa maji kwa kiasi kidogo kinachodhibitiwa.

Aina ya alumina ina uzito wake. Iliyopakwa kwa kugonga hufanya vizuri. Yakuti samawi, ambayo ni alumina ileile kikemia lakini ni fuwele iliyopangika na ngumu, hufanya vibaya. Alumina yenye vitundu vingi mno nayo humeza chuma kuelekea chini, na msitu hufa mapema. Kwa hiyo jina la kemikali halitoshi kwenye shajara: njia ya kupaka, unene na joto vyote viandikwe.

Namba moja ya kushikilia. Nanomita 1 ya chuma ni miligramu 7.9 kwa mita ya mraba, mara 31 ya safu A ya unga. Ndiyo maana kiasi kinachofaa kwenye kipande hakihamishwi kwenye unga kwa kuzidisha eneo. Chuma cha unga kinapozama kwenye vitundu na kufungwa na kibebeo, hali yake ni nyingine.

Kuondoa kibebeo na kupima kilichobaki

Mavuno makubwa hayana faida kama huwezi kutenganisha neli na unga. Gramu 1 ya oksidi ya magnesi inahitaji mililita 16.5 za asidi hidrokloriki ya moli 3 kwa lita. Tunatumia 35, tukiongeza unga polepole kwa sababu mchanganyiko unapata moto. Oksidi ya kalisi inahitaji 12 kwa gramu, tunatumia 25. Saa kadhaa za kukoroga, kuchuja kwenye utando wa vitundu vya mikromita 0.45, kuosha mpaka maji yasiwe na asidi. Silika huyeyuka kwenye hidroksidi ya sodiamu ya moto, moli 2 kwa lita kwenye nyuzi 80. Alumina ndiyo mzigo: inataka hidroksidi kali na ya moto kwa muda mrefu, au asidi hidrofloriki, ambayo hatuitumii kwa kuwa hupenya ngozi na kudhuru mifupa na moyo. Hapa mshindi wa tanuri anapoteza nafasi yake. Kwa anayetaka neli safi kwa gramu nyingi, kabonati ya safu B inaweza kuwa chaguo bora kuliko alumina.

Chuma kilichofunikwa na maganda ya kaboni hakiyeyuki kwa asidi yoyote kati ya hizi. Tunakipima kwa kuchoma sampuli hewani na kupima mabaki: Fe₂O₃ ina uzito mara 1.43 ya chuma chake, kwa hiyo miligramu 1.43 za mabaki mekundu kutoka miligramu 10 ni asilimia 10 ya chuma. Mabaki meupe ni kibebeo ambacho hakijaisha. Kwenye Raman nguvu ya leza inakaa chini ya miliwati 1, kwani unga mweusi hupata moto na kilele cha G huteleza kuelekea chini. Upana wa neli hupimwa kwenye angalau neli 100 kutoka sehemu tofauti za kisahani. Picha moja nzuri haithibitishi kitu.

Kinachofuata

Alumina na silika hutofautiana kwa mambo mawili kwa pamoja: kemia ya uso na umbo la punje. Kuyatenganisha, tutavika silika ngozi nyembamba ya alumina. Tukichukua atomi 5 za alumini kwa nanomita ya mraba, gramu 5 za silika zinahitaji gramu 3.1 za nitrati ya alumini yenye maji tisa, zilowekwe kwa njia ileile na kuchomwa kwenye nyuzi 500. Eneo la uso linapimwa upya baada ya kuchoma, kisha chuma cha miligramu 0.25 kwa mita ya mraba. Neli zikitoka nyembamba na zenye mzizi chini, uso ndio unaoamua. Zikibaki mchanganyiko wenye chembe nchani, itabidi tuchunguze vitundu na jinsi punje zilivyopangana, na kipimo kijacho kitakuwa alumina zenye eneo moja na vitundu vya ukubwa tofauti.